Kinazi cha Mama, Mbwa wa Wifi

Jumamosi, 1 Machi

Mvua zimeanza na wifi yangu ameleta mbwa. Sijui kipi kitachafua nyumba zaidi.

Sikuulizwa. Nilikuwa sebuleni nafuta majani ya maua kwa kitambaa, kama ninavyofanya kila Jumamosi, mara mdogo wangu huyo mlangoni anachuruzika maji. Mkewe yuko nyuma yake kashika kamba, na mwisho wa kamba limesimama jibwa la rangi ya chai ya maziwa, sikio moja juu, jingine chini, linanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Dada, huyu anaitwa Meneja," akasema mdogo wangu. "Mwenyewe kahamia mbali, hakuwa na mtu wa kumwachia."

"Na mimi ndiye mtu?"

"Hatakusumbua, wifi," akasema mke wake kwa ile sauti yake ya kubembeleza wateja wa duka la miwani. "Ana adabu sana."

Mwenye adabu akajikung'uta, ukuta wote ukajaa madoadoa ya matope.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Wasichana wakisikia viatu vyangu kwenye ujia walizima taa na kukoroma kwa pamoja. Mbwa mmoja hanibabaishi.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Mbwa kala soksi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Hawa wawili wanakwenda kazini, yeye kutengeneza lifti za watu, mkewe kupima watu macho, na mimi nabaki na Meneja tunatazamana. Nikienda jikoni yumo. Nikienda sebuleni yumo. Nikienda msalani anakaa nje ya mlango anapumua kama polisi wa zamu.

Sebule hii ni ya Mama. Nyumba yote ni ya Mama, Mungu amrehemu, lakini sebule ndiyo hasa, kwa sababu ya maua. Lipo lile lenye majani mapana yenye mabaka meupe, lipo linalotambaa mpaka juu ya pazia, na chini ya dirisha, kwenye chungu kikubwa, kipo Kinazi. Si mnazi, ila Mama alikiita hivyo kwa kuwa kimekaa kama mnazi uliokataa kukua: shina fupi nene lenye magamba, na majani magumu ya kuchoma. Kinakua polepole mno. Mama alikilea kuliko alivyotulea sisi, na kwa chakula kile kile kila msimu: mifupa ya supu iliyokaushwa motoni, ikatwangwa unga, ikafukiwa kwenye udongo. Leo nimekifukia chakula chake.

Jumapili, 9 Machi

Jibwa limefukua Kinazi!

Nimetoka kuoga nakuta udongo mpaka kwenye kochi, na Meneja katikati, pua nyeusi, mkia unapiga sakafu kwa furaha. Nilimchapa kwa kandambili. Wifi akatoka chumbani mbio.

"Wifi, usimpige! Anasikia harufu ya mifupa. Wewe mwenyewe umefukia mifupa humo, unategemea nini?"

"Nategemea mbwa akae nje."

"Nje kuna mvua."

"Basi ndiyo maana Mungu amempa manyoya."

Mdogo wangu akasimama katikati yetu kama nguzo ya umeme. Tangu alipooa mwaka jana amekuwa hivyo. Zamani ningemwambia "kaa" akakaa.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari wa mifugo amekuja kumchanja mbwa. Kijana mrefu, mpole, mikono mikubwa. Alipomaliza, wifi akamshika mkono, eti amsaidie kuangalia maua. Nikajua wamepanga.

Akazunguka sebule yangu kama mkaguzi. Lile la mabaka meupe, mbwa akilitafuna ulimi unavimba, liwekwe juu. Lile linalotambaa linachafua tumbo, lifungwe juu lisining'inie. Alipofika kwenye Kinazi akachuchumaa.

"Hiki kitoeni ndani ya nyumba," akasema. "Hiki kinaua. Jani, shina, mizizi, mbegu, vyote, na kidogo tu kinatosha. Mbwa anatapika, anapata nafuu mnadhani amepona, kumbe ini linakufa."

"Mama yangu amekaa nacho miaka na miaka," nikamwambia. "Hakuna mbwa aliyekufa humu."

"Alikuwa na mbwa?"

"Hakuwa naye. Alikuwa na akili."

Akacheka, kijana wa watu. Kisha akamwambia wifi maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Ikitokea amekila, niambieni hapo hapo. Nikijua mapema namtapisha, nampa dawa, mara nyingi tunaokoa. Nikichelewa kujua, nitakuwa nakuja kuwapa pole tu."

Alipoondoka, mdogo wangu akaketi mkabala nami. Nilijua limemkaa kooni kwa jinsi alivyokuwa anakuna goti.

"Dada, kile kiua kitoke."

"Ni cha Mama."

"Najua. Lakini nakwambia mapema. Siku huyu mbwa akidhurika kwa kile kiua, mimi na mke wangu tunahama. Kuna nyumba karibu na kazini tulishaiona. Sitaki kugombana na wewe, ndiyo maana nasema sasa."

Wameshaiona nyumba, na mimi sikujua. Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaambia nimekitoa Kinazi, nimempa mpishi wa shule niliyofanyia kazi. Wifi akanikumbatia mpaka nikaona haya. "Najua ilikuuma, wifi."

Kinazi kiko chumbani kwangu, nyuma ya pazia. Chumbani kwangu haingii mtu, tabia ya bwenini hiyo, ufunguo nautembeza mfukoni. Nimekaa na wasichana waongo maisha yangu yote, nilikuwa nikiwajua kwa kuwatazama tu. Hawa wawili hawakunitazama hata mara mbili.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimekinyunyizia Kinazi maji kwa kikombe cha mswaki.

Jumamosi, 29 Machi

Leo zilipiga radi za kupasua mbingu. Wenyewe walikuwa wamekwenda harusini. Nikasikia kwato mlangoni kwangu, nasema kwato maana zile kucha ndefu. Kukwaruza, kulia, kukwaruza. Nikamwambia kafie mbele. Akalia kama mtoto mdogo. Mwishoni nilifungua nimpige teke, akapita katikati ya miguu yangu na kujichomeka chini ya kitanda, makalio nje, anatetemeka kitanda kizima kinacheza.

Nilicheka mpaka machozi. Meneja mzima, mwoga hivyo!

Kinazi nimekipandisha juu ya kabati. Sina wazimu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mguu wangu mbovu unauma kwa ajili ya baridi. Meneja kaulalia. Unapata joto.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama Kuku kaja juu.

Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, au niseme wa waya kwa waya, maana kati yetu kuna uzio wa seng'enge tu. Anafuga kuku, ndipo jina. Kila alasiri huja kunywa chai kwangu na kunimalizia sukari. Rafiki niliyebaki naye ni yeye, wengine wamehama au wamekufa.

Basi Meneja kapenya chini ya seng'enge, kamkimbiza yule jogoo wake mkubwa kama tembo, mpaka jogoo akapoteza mkia. Mama Kuku akasimama uani kwetu na manyoya mkononi, anamkaripia wifi:

"Mwambie huyo mbwa wako akirudi namwekea sumu! Ya panya ninayo, mwaka huu wamejaa! Nasema kweli!"

Wifi alirudi ndani kasawijika. Nikamwambia, "Huyo mdomo tu. Hajawahi kumwekea sumu hata huyo panya mwenyewe, anawaonea huruma." Na ni kweli. Anawatega kwa ndoo kisha anawapeleka kuwaachia kiwanjani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemnunulia Meneja utumbo. Nikamchemshia. Wifi alipouliza mbona mbwa hali jioni nikasema labda anakuwaza ukiwa kazini. Akafurahi, maskini.

Jumamosi, 12 Aprili

Kinazi kimezaa. Kwenye shina, chini kabisa, vimetokeza vitoto vitatu, kama vitunguu vyenye magamba. Mama alinifundisha: unavibandua kwa kisu kikali, unapaka kidonda majivu na unga wa mifupa, unavilaza juu ya gazeti kivulini vikauke, ndipo unavipanda. Zamani tulivianika varandani. Sasa varanda gani, na hawa wana macho? Nimevilaza chini ya kitanda changu, upande wa ukutani.

Kimoja nitampa Mama Kuku, tupatane.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeandika vibaya kuhusu wifi huko nyuma, lakini leo karudi na miwani mipya kanitengenezea, bila kumwambia. Alinipima macho mezani juzi akajifanya ni mchezo. Naona mpaka mistari ya viganja vyangu. Akasema, "Sasa hutasingizia huoni udongo wa Meneja." Tulicheka wote. Mdogo wangu akasema siku nyingi nyumba hii haijacheka hivi. Zile habari za nyumba ya karibu na kazini hazitajwi tena.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Alfajiri ilipiga radi. Meneja akakwaruza mlango, nikamfungulia nikiwa bado usingizini, akaingia chini ya kitanda kama kawaida yake. Nikarudi kulala. Nilimsikia anatafuna kitu. Nilidhani ni kucha zake, huwa anatafuna kucha akiogopa. Nikamwambia nyamaza.

Kulipokucha akatoka, akafika jikoni, akatapika. Nilichukua ndoo na tambara nikasafisha haraka, kama nilivyosafisha matapishi ya watoto wa watu miaka yote ile, bila kuangalia sana. Lakini niliona. Nilikuwa nimevaa ile miwani mipya. Katikati ya povu kulikuwa na magamba ya kahawia na vipande vyeupe. Nikamwaga chooni, nikavuta maji.

Nikaenda chumbani nikapiga magoti. Gazeti limechanika. Kimebaki kitoto kimoja, na nusu ya kingine.

Nilipotoka, Meneja alishatapika tena mbele ya wifi, na wifi kashampigia daktari. Ni Jumamosi, wako nyumbani wote. Daktari alifika hata chai haijachemka. Mbwa kalala sakafuni, mate yanamtoka, wifi kakaa chini kampakata kichwa.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Sijui," wifi akasema. "Mimi nimemkuta hivi."

"Matapishi ya kwanza yako wapi?"

"Nimeyamwaga," nikasema.

"Uliona nini ndani?"

Wote wanne wakanitazama. Nasema wote wanne, mbwa naye alinitazama. Nilisikia maneno yako tayari mdomoni, mafupi tu: kala Kinazi, kiko chumbani kwangu. Nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni, amejishika kiuno, na nyuma ya kichwa chake nikaona sebule tupu, kiti changu na mimi.

"Povu," nikasema. "Povu tupu."

"Kile kiua mlikitoa?"

"Kilitoka zamani," wifi akajibu yeye, wala hakungoja mimi. "Wifi mwenyewe alikitoa kile kibaya. Hakuna kitu humu ndani."

Daktari akamfunua fizi, akambonyeza tumbo. Akasema dalili zinaweza kuwa za sumu fulani, msimu huu watu wanawategea sana panya. Je, kuna mtu hapa jirani anatumia sumu ya panya?

Wifi akainua uso polepole. Najua alichokuwa anakumbuka, maana na mimi nilikikumbuka.

"Jana," nikasema, na sauti yangu ilitoka imara kabisa, ile ya bwenini, "nilimwona Mama Kuku pale kwenye uzio. Anarusha kitu upande wetu."

Mama Kuku alikuwa anarusha magugu. Kila siku anarusha magugu upande wetu na kila siku namkoromea.

Daktari akampiga Meneja sindano ya kuzuia sumu ya panya. Mdogo wangu akatoka akaenda kwenye uzio, na yale matusi aliyoyamwaga sikujua anayajua. Mama Kuku alikuwa anasema, "Mimi? Mimi jamani? Muulize dada yako! Mimi na dada yako tunakunywa chai!" Nikafunga dirisha kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia.

Jumapili, 20 Aprili

Meneja kaamka mwenyewe, kanywa maji, kala kidogo. Wifi anaimba. Namwona anapona. Daktari alisema ini, lakini madaktari wanapenda kutisha watu. Kala kidogo tu, na alitapika chote, niliona mwenyewe.

Kama anapona, hakuna haja ya kumwambia mtu kitu chochote.

Jumatatu, 21 Aprili

Hali chakula. Kalala kwenye mguu wangu kutwa, lakini hana joto.

Jumanne, 22 Aprili

Macho yamekuwa ya njano. Fizi nazo. Wifi alimfunua mdomo akaniita: "Wifi, njoo uone, au ni macho yangu?" Mtu anayepima watu macho ananiuliza kama ni macho yake. Nikamwambia ni mwanga wa taa.

Daktari akaja. Safari hii hakuchuchumaa, aliketi kabisa sakafuni. "Hii si ya panya," akasema. "Hili ni ini. Mna hakika hakugusa kile kiua? Hata huko kilikopelekwa?"

"Kilipelekwa mbali sana," wifi akasema. "Shuleni."

Daktari akanigeukia. "Mama, nikijua, hata sasa kuna dawa naweza kujaribu. Ni kama kubahatisha, lakini najaribu."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikawaza: nikisema leo, wataniuliza kwa nini si Jumamosi. Jumamosi ningekuwa mzembe tu. Leo ni kitu kingine.

"Huyo jirani atakuwa kachanganya vitu," nikasema. "Nani ajuaye anaweka nini."

Jumatano, 23 Aprili

Kafa saa za mchana, damu zinamtoka puani, kichwa mapajani kwangu. Wifi alikuwa amekwenda kuchukua taulo. Meneja alinilamba mkono mara moja kabla. Sijui kwa nini alinilamba mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Mdogo wangu kamzika nyuma ya tangi la maji. Shimo lilikuwa linajaa maji kuliko alivyoweza kuchota.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekikata Kinazi vipande kwa panga, mlango nimefunga, redio juu. Shina lake ni gumu mno. Nimetia kwenye magunia mawili, na kile kitoto kilichobaki. Watu wa taka wamechukua. Mama nisamehe, ingawa wewe ndiye uliyenifundisha ule unga wa mifupa.

Jumapili, 27 Aprili

Jambo la leo sikulitegemea kwa wifi.

Alinikuta jikoni. Alikuwa na beseni la pumba, kazilowesha, anazikoroga kwa mwiko, kavaa glovu za kufulia. Kando yake kipakiti kimefunguliwa. Hakunificha.

"Ya panya," akasema. "Nimenunua jana."

Huyu ndiye mwanamke ambaye akikuta mende bafuni anamwita mumewe amtoe nje akiwa hai. Nimemdharau mwaka mzima kwa upole wake, nikidhani hana uti wa mgongo.

"Wifi, kuku hawajakosa," nikasema.

"Na Meneja alikosa nini?"

Ningeweza kulimwaga lile beseni, lilikuwa karibu na mkono wangu. Akaniuliza, "Hii inatosha, au niongeze?" Na mimi, kwa mazoea ya miaka ya kuulizwa na wapishi, nikatazama ndani nikasema inatosha.

Alikwenda nalo kwenye uzio Mama Kuku akiwa kanisani.

Jumatatu, 28 Aprili

Wamekufa wote. Hata vifaranga.

Jumamosi, 3 Mei

Mama Kuku amekuja. Hakuingia. Alisimama mvuani, mwavuli kaushikilia bila kuufungua.

"Sikuja kwa hao wawili," akasema. "Nimekuja kwako. Wewe unashinda nyumbani. Uliona nani kanimwagia sumu?"

"Sikuona."

"Na huyo mbwa wenu. Wanasema ulisema uliniona narusha kitu."

"Nilisema ulikuwa kwenye uzio."

"Nilikuwa narusha magugu. Ukanikoromea. Ukaniambia, 'Mama Kuku, wewe na magugu yako mtazikwa pamoja.' Tukacheka. Hukumbuki?"

"Sikumbuki," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Nimezoea mimi ndiye niwatazame watu hivyo. Halafu akasema, "Haya, dada," na hajawahi kuniita dada, mimi na yeye tunaitana majina ya utani tangu Mama akiwa hai. Akarudi kwake. Mabanda yake yako wazi, upepo unayapigapiga.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Hakuna aliyekuja kunywa chai.

Jumapili, 11 Mei

Tulipomaliza kula, mdogo wangu akakuna goti. Nikajua kabla hajasema.

"Dada, tumeichukua ile nyumba."

"Ipi?"

"Ya karibu na kazini. Hatuwezi kukaa hapa. Mke wangu akimwona yule mama uani anatetemeka. Mimi mwenyewe nikisikia akikohoa natamani kuruka uzio. Tukibaki, siku moja tutafanya jambo baya zaidi."

Nikasema, "Lakini ulisema mtahama kama mbwa atadhurika kwa kile kiua. Na hakudhurika kwa kiua."

"Najua. Wewe ulifanya sehemu yako, dada. Si kosa lako hata kidogo."

Akaushika mkono wangu juu ya meza. Wifi akaushika mwingine. Nilikaa hivyo, nimeshikwa huku na huku, siwezi hata kujipangusa pua.

Jumapili, 18 Mei

Nimepiga hesabu zote. Nikisema si Mama Kuku, basi hawana sababu ya kumkimbia. Lakini watanikimbia mimi. Nikinyamaza, wanakwenda. Nikisema, wanakwenda, na kuku watakuwa wameuawa bure, na wifi atajua kwamba aliwaua bure. Niliwahi kumwona msichana wa bwenini aliyejifungia kabatini kujificha nisimkamate, kisha kitasa kikakatika kwa ndani. Nilimcheka.

Niliwaambia wanichukue na mimi. Nilisema kama mzaha. Mdogo wangu akasema nyumba ina chumba kimoja tu, na sebule ndogo, ila nitakuja kuwatembelea. Kisha akasema, "Na nyumba ya Mama nani ataitunza?"

Jumamosi, 24 Mei

Wamefunga masanduku. Mvua imepungua.

Jumamosi, 31 Mei

Wameondoka asubuhi.

Gari la mizigo lilishajaa, mdogo wangu kakaa mbele na dereva. Kulikuwa na manyunyu. Wifi akarudi mlangoni, akanivuta pembeni, karibu na bomba la maji.

"Wifi, nikuambie kitu, usinichukie?"

"Sema."

"Siku ile Meneja alipotapika, mtu wa kwanza kumshuku ulikuwa wewe. Nilisema moyoni, huyu kakificha kile kiua chake mahali. Nikamnong'oneza mume wangu pale pale, kabla daktari hajafika."

Akaendelea mwenyewe.

"Unajua alisemaje? Yeye aliyeapa tutahama? Akasema, 'Kama ni dada, basi ni dada. Tutalia, tutanyamaza, tutakaa.' Na mimi nikaona kweli. Daktari alipokuuliza uliona nini, nilikuwa nakutazama nangoja useme. Nilikuwa nimeshakusamehe, wifi. Hujafungua hata mdomo, nimeshakusamehe." Alikuwa analia na kucheka. "Halafu ukasema Mama Kuku. Sijui nikuelezeje nilivyoshukuru. Mbwa wangu anakufa, na mimi nashukuru kwamba si wewe."

Akanikumbatia. Dereva alikuwa bado hajawasha gari. Mdogo wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatutazama, anatabasamu.

Manyunyu yakaongezeka. Nikamwambia, "Ingia garini, wifi, utalowa."

Akaingia.